Kwa nini majeshi hupandisha minara ya mawasiliano angani

MTU akisimama ufukweni Likoni na kuitazama meli iliyotoka bandari ya Kilindini ikielekea bahari kuu, huona mwili wa meli ukitoweka kwanza, kisha mlingoti. Meli haijazama, imefichwa na mviringo wa dunia.

Kizuizi hicho ndicho kinachozisumbua redio za kijeshi za VHF na UHF. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlingoti wa mita 20 huyafikisha kilomita 18 hivi tu, na kilima huyakata mapema zaidi.

Tuchukue mfano wa Kismayu, ambako wanajeshi wa Kenya walitua kutoka baharini tarehe 28 Septemba 2012. Mji huo uko takriban kilomita 500 kutoka kambi ya wanamaji ya Mtongwe, Likoni. Hakuna mnara wa ardhini unaoweza kuviunganisha vituo hivyo viwili moja kwa moja. Hata hivyo, kwa hesabu, ndege inayozunguka mita 5,000 juu ya Lamu huweza kupokea ujumbe kutoka upande mmoja na kuurusha upande wa pili.

Setilaiti nazo hufanya kazi hiyo, lakini huhitaji vifaa maalumu ambavyo si kila kikosi kinavyo.

Marekani ilijifunza umuhimu wa jambo hili kwa machungu. Mwaka 2005, makomando wanne walioshambuliwa katika milima ya Kunar, Afghanistan, walitatizika kuita msaada kwa redio. Wanajeshi 19 walifariki katika operesheni hiyo, wakiwemo 16 waliokuwa kwenye helikopta ya uokoaji. Baadaye ndege za E-11A zilipelekwa nchini humo kuunganisha redio za aina mbalimbali.

Raia wa Kenya nao waliwahi kunufaika na wazo hilo. Julai 2020, kampuni ya Loon na Telkom Kenya zilianza kutoa intaneti kwa maputo yaliyoelea kilomita 20 angani. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2021 kwa sababu ya gharama.

Mtambo wa angani una udhaifu wake. Ndege huishiwa mafuta, huvurugiwa mawimbi na adui, na huweza kuanguka, kama E-11A moja ilivyoanguka Ghazni tarehe 27 Januari 2020 na kuua wawili. Kwa hivyo jeshi lenye busara halitegemei njia moja. Askari aliyezingirwa hajali sauti yake imepitia wapi, mradi imefika.