Siti ya pikipiki: mwulize anayekaa nyuma

KATIKA njia ya Mugina kuelekea Manyovu, kama ilivyo katika mipaka yetu mingine, ni jambo la kawaida kuona pikipiki yenye watu wawili: mbele dereva, nyuma mkewe, dada yake au mfanyabiashara mwenzake. Nyingi ni Bajaj Boxer na TVS, pikipiki za kutoka India zinazosifiwa kwa uimara na kwa kunywa mafuta kidogo. Kuhusu injini, wanunuzi huuliza maswali mengi. Kuhusu siti, karibu hakuna.

Sisi tuliokulia uhamishoni tulizoea hivyo kabla hata ya pikipiki. Ulyankulu, nilikosoma, keria ya baiskeli ilibeba gunia la mahindi, mgonjwa na mwanafunzi, na hakuna aliyeulizwa kama anaumia. Tabia hiyo tumerudi nayo nyumbani. Mwanamume anakwenda kwa fundi peke yake, anakalia upande wa mbele dakika moja, anabonyeza sponji kwa kiganja, anasema "safi" na kulipa. Mama atakayekaa nyuma ataijua siti hiyo siku ya safari.

Hili si suala la anasa. Abiria anayeumia hatulii. Hujisogeza, huinuka upande mmoja, huhamisha uzito ghafla, na akifanya hivyo kwenye kona au dereva anapofunga breki, pikipiki nayo huyumba.

Laini si starehe

Kosa la kwanza ni kuchagua sponji laini kupita kiasi. Ukiikalia dukani inapendeza, lakini baada ya saa moja uzito huizamisha mpaka mifupa ya makalio ikakutana na bamba la chini. Sponji nzuri ni nzito na ngumu kiasi: inabonyea, kisha inakuzuia. Wapo mafundi wanaopanga tabaka mbili, ngumu chini na laini nyembamba juu. Mpango huo hudumu kuliko godoro kuukuu lililokatwakatwa.

Upana nao ni muhimu. Mbele siti iwe nyembamba ili miguu ya dereva ifike chini anaposimama. Nyuma iwe pana ya kutosha kubeba mapaja. Kumbuka kwamba kila sponji inayoongezwa humwinua dereva. Mtu mfupi akishindwa kukanyaga chini vizuri, ataanguka na mzigo wake akiwa amesimama tu.

Angalia pia mteremko. Siti inayoelekea mbele humsukuma abiria mgongoni mwa dereva, na dereva kwenye tangi, kila breki inapofungwa. Ngazi ndogo kati ya nafasi mbili huzuia hilo. Isiwe ndefu mno, kwani abiria aliyeinuliwa sana hupigwa na upepo na kuifanya pikipiki iwe nzito juu.

Kuhusu ngozi bandia ya kufunikia, chagua isiyoteleza. Mshono usipite mahali pa kukalia, kwa sababu ndipo maji ya mvua huingia na kuiozesha sponji.

Yasiyo siti

Wakati mwingine siti husingiziwa bure. Vikanyagio vya abiria vikiwa juu sana, magoti hukunjwa na uzito wote huishia makalioni. Shokapu za nyuma zikiwa zimelegezwa kwa ajili ya mtu mmoja, wawili wataumia kila shimo. Nyingi zina sehemu ya kuzungusha ili zikaze. Upepo wa gurudumu la nyuma nao huongezwa kwa kipimo cha mtengenezaji mnapokuwa wawili. Abiria awe na chuma imara cha kushika, na mzigo wa kwenye keria usimsukume mbele.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka akumbuke jambo jingine. Tanzania tunapita kushoto, Burundi kulia. Kwa hiyo upande salama wa kushukia hubadilika, na kwenye Boxer bomba la moshi liko kulia. Abiria anayeshukia Burundi aangalie mguu wake.

Aidha, usimruhusu fundi arefushe siti ili ienee watu watatu. Mshikaki humpeleka wa mwisho nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele likawa jepesi na usukani ukapoteza utii.

Nendeni wawili

Ndugu msomaji, ushauri wa mwalimu ni mfupi. Siku ya kwenda kwa fundi, nendeni wawili. Kabla ya kulipa, kaeni wote juu ya siti kwa robo saa, kofia ngumu kichwani, pikipiki ikiwa imesimama imara. Kisha zungukeni kidogo kwenye barabara ya vumbi. Mkirudi, wa kwanza kuulizwa awe aliyekaa nyuma: je, umeteleza? Magoti yanauma? Umehisi bamba? Akisema ndiyo hata kwa moja, fundi aifungue tena. Siku ya safari kazeni nati za siti, na kila baada ya saa moja shukeni mnyooshe miguu.

Kina mama wengi wanaovuka mpaka na vitenge na dagaa hukaa nyuma, na mara nyingi ni faida yao iliyonunua pikipiki yenyewe. Ni haki yao kuulizwa kuhusu siti kabla fundi hajashona mshono wa mwisho.