Kukisia Mavuno Kabla ya Kuahidi: Somo kutoka kwa Wagema wa Mepo Nyekundu



Kila mwaka, kabla msimu haujaanza, chama cha msingi huulizwa swali lile lile na mnunuzi, na benki, na Chama Kikuu: mtaleta kiasi gani? Jibu huandikwa kwa siku moja, lakini athari zake hudumu mwaka mzima. Chama kilichoahidi kupita kiasi hujikuta na deni lisilolipika na magunia yasiyojaa. Kilichoahidi kidogo mno hukosa mkopo wa pembejeo na nafasi ya kuuza. Kwa hiyo makisio si kazi ya kubahatisha, bali ni hesabu yenye hatua zake.

Katika makala hii tumechagua mfano wa mbali, kwa sababu ndani yake hatua hizo huonekana waziwazi. Mfano huo ni wa wakulima wa kaskazini-mashariki ya Marekani na mashariki ya Kanada, ambao hugema miti iitwayo mepo, kisha huchemsha utomvu wake hadi uwe shira tamu ya kahawia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mgema wa mepo maji yamo tangu mwanzo, wala hakuyatia yeye. Kazi yake ni kujua yamo kiasi gani.

Mti na msimu wake

Mti upendwao zaidi kwa kazi hii ni mepo ya sukari. Lakini mepo nyekundu, ambayo wataalamu huiita Acer rubrum, imeenea sana katika misitu ya huko, na wakulima wengi hawana budi kuigema. Utomvu wake kwa kawaida una sukari pungufu kuliko ule wa mepo ya sukari: mara nyingi sehemu 1.5 hadi 2 katika kila 100, ilhali mepo ya sukari huwa na 2 au zaidi. Tena mepo nyekundu huchipua mapema, na machipukizi yakianza kufunguka utomvu hupata ladha mbaya. Kwa hiyo msimu wake huweza kuwa mfupi.

Utomvu hutiririka mwishoni mwa majira ya baridi, usiku unapoganda barafu na mchana barafu ikayeyuka. Siku zikipata joto mfululizo, au baridi ikikaa bila kulegea, mti hautoi kitu. Jambo hili haliko mikononi mwa mkulima.

Hatua ya kwanza: kuhesabu matundu, si miti

Mti hutobolewa tundu la upana wa milimita 8 hivi, lenye kina cha sentimita 4 au 5, na ndani yake hupachikwa bomba dogo. Mti wenye unene wa chini ya sentimita 25 kifuani mwa mtu hauguswi. Wa sentimita 25 hadi 45 hupewa tundu moja, na uliozidi hapo huweza kupewa mawili. Tundu jipya haliwekwi karibu na la zamani, kwa kuwa mbao iliyozunguka jeraha hufa na haipitishi utomvu tena.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima ana miti 500. Akiipima kwa kamba, aona 120 ni michanga, 320 ni ya tundu moja, na 60 ni ya matundu mawili. Matundu yake ni 320 na 120, jumla 440. Aliyesema tu kwamba ana miti 500 amekwisha kukosea kabla ya kuanza.

Hatua ya pili: utomvu wa kila tundu

Kwa ndoo, bila pampu ya kunyonya, wakulima wa huko huhesabu takriban lita 40 kwa tundu katika msimu mzuri wa mepo. Kwa mepo nyekundu ni busara kupunguza. Mkulima wetu aandika tarakimu tatu: lita 25 kwa mwaka mbaya, 35 kwa mwaka wa kati, na 45 kwa mwaka mwema. Wenye mirija ya plastiki na pampu hupata zaidi sana, lakini tarakimu zao zisichanganywe na za mwenye ndoo.

Hatua ya tatu: sukari iliyomo

Mwaka 1946 mkemia C. H. Jones wa Chuo Kikuu cha Vermont aliieneza kanuni iitwayo Kanuni ya 86. Gawanya 86 kwa kiwango cha sukari katika utomvu, nawe utapata lita za utomvu zinazohitajika kwa lita moja ya shira.

Kanuni hii haina uchawi. Lita moja ya shira ina uzito wa kilo 1.32 hivi, na karibu theluthi mbili ya uzito huo ni sukari, yaani kilo 0.86. Utomvu wenye sukari 2 katika 100 una takriban kilo 2 za sukari katika lita 100. Basi ili kupata kilo 0.86 zahitajika lita 43. Sukari ikiwa 1.5, zahitajika lita 57. Siku hizi shira hutakiwa iwe nzito kidogo kuliko ilivyokuwa wakati wa Jones, hivyo kanuni hupunguza kidogo utomvu unaohitajika, lakini kwa makisio inatosha.

Sukari hupimwa kwa haidromita, au kwa kifaa kidogo kinachopima tone moja kwa mwanga. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mti uliosimama peke yake kando ya barabara, wenye matawi mapana yanayopata jua, huwa na utomvu mtamu kuliko ule uliobanwa msituni. Mwenye kupima miti ya barabarani peke yake atajiandikia utajiri asiokuwa nao. Sampuli sharti itoke kila upande wa msitu, na ipimwe zaidi ya siku moja.

Kuunganisha hesabu

Mwaka mbaya: matundu 440 kwa lita 25 ni lita 11,000 za utomvu. Sukari ikiwa 1.5, shira ni lita 192 hivi.

Mwaka wa kati: lita 15,400 za utomvu, sukari 1.7, shira ni lita 304.

Mwaka mwema: lita 19,800 za utomvu, sukari 2.2, shira ni lita 506.

Angalieni vizuri. Miti ni ile ile, na mkulima ni yule yule, lakini tarakimu ya juu imepita ile ya chini zaidi ya mara mbili na nusu. Makosa madogo ya kila hatua hayajumlishwi, huzidishana. Tena utomvu hafifu hugharimu kuni nyingi zaidi, maana kila lita ya maji iliyozidi sharti ichemshwe hadi iishe. Kwa sababu hiyo wenye uwezo hutumia kwanza mtambo wa kusukuma utomvu kwenye utando, ili sehemu kubwa ya maji itoke kabla ya moto kuwashwa.

Ahadi itokane na tarakimu ipi?

Deni na mkataba vitokane na tarakimu ya chini, baada ya kutoa sehemu ya kumi kwa kumwagika, kuchuja na kuungua. Kwa mkulima wetu ni lita 172. Mapipa na kuni viandaliwe kwa tarakimu ya juu, kwa kuwa shira isiyo na chombo ni hasara. Tarakimu ya kati ni ya kupangia kazi, wala haitiwi sahihi mbele ya mnunuzi.

Hata wakubwa hawaepuki. Jimbo la Quebec hutoa sehemu kubwa ya shira yote ya mepo duniani. Mwaka 2020 wakulima wake walivuna karibu kilo milioni 80. Mwaka 2021 majira yalikuwa mafupi, wakapata takriban milioni 60. Wanunuzi hawakukosa mali, kwa kuwa shirika la wakulima hao huweka akiba ya pamoja tangu mwaka 2000, na mwaka ule lilitoa zaidi ya kilo milioni 20 kutoka ghalani. Mkulima mmoja asingeweza kulifanya hilo peke yake.

Kazi ya Katibu

Liwe zao lolote, Katibu aandike daftarini mambo manne: idadi iliyohesabiwa na jina la aliyehesabu, tarakimu tatu za mavuno, mahali sampuli ilipotoka, na, msimu ukiisha, kiasi kilichopatikana kwa mizani. Safu hii ya mwisho ndiyo huachwa tupu mara nyingi, nayo ndiyo mwalimu wa makisio ya mwaka unaofuata. Daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano mkuu kabla ahadi mpya haijapigiwa kura.