Kiingereza cha Kuombea Kazi



Mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO katika mikoa ya Ziwa, ukiwemo Ziwa Magharibi (Kagera ya leo), uliwasomesha watu wazima kwa maneno ya kazi zao: pamba, migomba, uvuvi. Madarasa ya Kiingereza ya Bukoba na Muleba yafaa yafuate njia hiyo. Mtu aliyepima kahawa katika chama cha msingi misimu mitano hukaririshwa salamu za kitabuni, kisha hunyamaza mbele ya wasaili. Mwalimu amwanzishie mzani, gunia, stakabadhi na hesabu aliyoisahihisha. Ndipo waandike barua. Wengine humlipa mtu awaandikie barua ya Kiingereza wasiyoweza kuieleza wakiitwa, hali matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira hupokea maombi ya Kiswahili pia.