Vim Yako Haijaharibika: Namna ya Kutafuta Kinachokosekana

Jioni moja baada ya Masifu, frateri mmoja alinijia na kompyuta mpakato yake pamoja na flashi yenye Debian. Alitaka nimsaidie kufuta diski yote na kusakinisha mfumo upya. Sababu yake ilikuwa kwamba Vim, programu ya kuandikia matini aliyoizoea kwenye kompyuta za maabara, kwake "imeharibika". Maandishi hayakuwa na rangi. Vitufe vya mishale viliandika herufi A, B, C na D badala ya kusogeza kishale. Tena, alichonakili ndani ya Vim hakikukubali kubandikwa kwenye Firefox. Ndani ya diski hiyo kulikuwa na sura tatu za tasnifu yake, na nakala nyingine hakuwa nayo.

Hatukufuta kitu. Vim yake ilikuwa nzima, ila ilikuwa ile ndogo. Kwa kuwa wengi wetu tunatumia Debian au Ubuntu kwenye kompyuta za zamani, ni vema tuelewane jambo hili.

Vim moja, vifurushi vingi

Vim ilitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Anayeiunda kutoka kwenye msimbo wake huchagua mambo ya kuweka ndani na ya kuacha. Ndiyo maana Debian na Ubuntu zina vifurushi kadhaa vya programu hiyo hiyo. Kinachokuja na mfumo kwa kawaida ni vim-tiny. Hiki kimepunguzwa makusudi ili kisichukue nafasi: hakina rangi za sintaksia, hakina lugha ya skripti ambayo plagini nyingi huitegemea, wala hakina kurasa za msaada. Isitoshe, kimewekwa kuiga tabia za vi ya kale. Hiyo ndiyo asili ya zile herufi za vitufe vya mishale.

Mwenye kifurushi hiki akiandika `:syntax on` hupata kosa E319, yaani amri hiyo haipo katika toleo alilo nalo. Wengi hapo hukimbilia kuongeza mistari katika faili la `.vimrc`. Ni kazi bure. Ni sawa na kubonyeza swichi ya taa katika chumba ambacho mafundi hawakupitisha nyaya.

Hatua ya 1: Iulize programu yenyewe

Fungua terminali uandike:

`vi --version`

Mistari ya juu hutaja ukubwa wa toleo. Ukiona neno Small au Tiny, unayo ndogo. Ukiona Huge, unayo kamili. Chini yake kuna orodha ndefu ya majina yenye alama mbele. Alama ya `+` maana yake jambo hilo limo. Alama ya `-` maana yake halimo. Tafuta `syntax`, `eval` na `clipboard`. Kwa frateri wetu, yote matatu yalikuwa na `-`.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Penye `-`, hakuna mpangilio utakaosaidia: badilisha kifurushi. Penye `+` na bado jambo halifanyi kazi, kifurushi hakina kosa: tazama mipangilio.

Hatua ya 2: Sakinisha kifurushi kinachokufaa

Kwa rangi, plagini na kurasa za msaada, hizi zinatosha:

`sudo apt update`
`sudo apt install vim`

Lakini angalia: katika Debian na Ubuntu, kifurushi cha `vim` peke yake kwa kawaida bado kina `-clipboard`. Anayetaka kunakili kutoka Vim na kubandika kwenye programu nyingine asakinishe hiki:

`sudo apt install vim-gtk3`

Usiogope jina lake. Kinafanya kazi ndani ya terminali kama kawaida. Baada ya hapo, chagua maandishi ubonyeze `"+y` kunakili, na `"+p` kubandika. Kama kompyuta si yako na huna ruhusa ya `sudo`, mwombe msimamizi wa maabara.

Hatua ya 3: Hakikisha ipi inafunguka

Vim mbili zaweza kukaa kwenye kompyuta moja. Ukiwa umesakinisha na bado huoni tofauti, uliza:

`readlink -f $(which vi)`

Jibu likiishia na `vim.tiny`, bado unafungua ile ya zamani. Andika `sudo update-alternatives --config vi`, kisha chagua namba ya ile kubwa.

Hatua ya 4: Sasa tazama .vimrc

Kuna mtego mmoja hapa. Vim kamili isiyokuta `.vimrc` ya mtumiaji husoma mipangilio yake ya mwanzo, na humo ndimo rangi zinamowashwa. Siku utakapotengeneza `.vimrc` yako, hata ikiwa tupu, Vim huacha kuisoma mipangilio hiyo, na rangi zaweza kutoweka ghafla. Dawa ni kuweka mstari huu mwanzoni mwa faili lako:

`source $VIMRUNTIME/defaults.vim`

Chini yake ongeza unayotaka mwenyewe.

Kabla ya kufuta

Frateri wetu alihitaji amri moja tu, ile ya `vim-gtk3`. Hata hivyo, kabla ya amri hiyo tulinakili tasnifu yake kwenye flashi nyingine, na huo ndio utaratibu ninaowasihi wote: nakili kazi yako kwanza, uliza programu ina nini, ndipo uguse kitu. Kusakinisha mfumo upya kungemrudishia vim-tiny ileile, bila zile sura tatu.

Ukishapata Vim kamili, andika `:help uganda`. Katika ile ndogo ukurasa huo haumo. Utasoma habari za kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, eneo ambalo UKIMWI uliwaacha watoto wengi bila wazazi. Moolenaar alifanya kazi huko mwaka mzima wa 1994 kama mhandisi wa maji na usafi. Programu yake aliitoa bure, na aliyeipenda alimwomba awasaidie watoto wa Kibaale. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, lakini ombi hilo limebaki ndani ya kila Vim kamili, nayo ya kwako ikiwemo.