Zebaki: Sumu Isiyonuka

Leo tunazungumzia zebaki, madini ya majimaji yanayong'aa kama fedha. Ikiwa unaishi karibu na machimbo ya dhahabu kule Migori, Kakamega au Lolgorien, huenda umeiona ikiwa ndani ya chupa ndogo.

Je, zebaki hutumiwa vipi? Mchimbaji huichanganya na unga wa mawe ndani ya karai. Zebaki hushikana na dhahabu na kuwa donge. Donge hilo huchomwa, zebaki hupaa kama mvuke, na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Donge likichomwa juu ya jiko la nyumbani, mama na watoto huuvuta pamoja. Zebaki nyingine huoshwa na maji na kuingia mtoni. Maji ya Mto Migori, kwa mfano, huungana na ya Mto Kuja na kuelekea Ziwa Viktoria.

Ndani ya matope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi. Wadudu wa majini huila, samaki wadogo hula wadudu hao, na samaki wakubwa hula wale wadogo. Kila hatua sumu huongezeka. Kumchemsha au kumkaanga samaki hakuiondoi.

Mama, sikiliza yaliyotokea Minamata, nchini Japani. Kiwanda kimoja kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Paka waliokula samaki walianza kutetemeka, kuzunguka ovyo na kufa. Baadaye watu nao wakaugua, na mwaka wa 1956 ugonjwa huo ukatangazwa rasmi. Kiwanda hakikuacha kumwaga sumu hiyo hadi mwaka wa 1968. Akina mama wengine walionekana wazima, lakini walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa. Sumu ilikuwa imepita kwenye kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto.

Wale paka walikuwa onyo. Ndiyo sababu leo wataalamu hawangojei watu waugue. Hupima matope, samaki, na manyoya ya ndege wala samaki kama furukombe. Viwango vikipanda kwa wanyama, watu wa hapo nao wachunguzwe. Kwa binadamu, mkojo huonyesha zebaki ya mvuke, na nywele huonyesha ile ya samaki. Kwa kuwa nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kipande kifupi tu hueleza habari za miezi iliyopita. Mkataba wa Minamata, ambao Kenya iliutia sahihi mwaka wa 2013, unataka ufuatiliaji wa namna hii. Kwa hivyo, wataalamu wakija kijijini kwenu kupima, waulize watatumia nini na majibu yatarudi lini. Ni haki yako kujua.

Nyumbani, wewe unaweza kufanya nini?

Kwanza, donge lisichomwe nyumbani wala karibu na watoto. Wachimbaji watumie chombo kilichofunikwa chenye bomba la kunasa mvuke.

Pili, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usishike zebaki, na usikae mahali inapochomwa.

Tatu, karai na sufuria za machimboni zisirudi jikoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Nne, usiache kula samaki, kwani humjenga mtoto. Chagua wadogo kama omena. Samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa, mama mjamzito na watoto wawaepuke.

Tano, jihadhari na krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina zebaki.

Ukiona mikono inatetemeka, mtu anasahau ovyo, au mtoto anachelewa kukaa na kutembea, nenda kituo cha afya. Dalili hizi zina sababu nyingi, kwa hivyo mweleze daktari kwamba mnaishi karibu na machimbo. Na usimwachishe mtoto kunyonya kwa sababu ya hofu. Pata ushauri kliniki kwanza.

Dhahabu hulisha familia nyingi, na hatusemi kazi iachwe. Tunasema mtoto asilipe gharama yake. Kinga ni bora kuliko tiba.