Jino Likiuma Usiku

Uchungu wa jino watu wanaudharau mchana, lakini usiku unawatoa kitandani. Katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, hapa Lubumbashi, wengi wanangoja. Wanaweka karafuu, wanaweka tumbaku, wengine hata maji ya betri ya motokari! Karafuu inatuliza kidogo. Lakini maji ya betri ni asidi. Yanachoma ufizi na ulimi, na jino linabaki bovu vilevile. Aspirini nayo ni ya kumeza. Ukiibandika juu ya ufizi itauunguza.

Ndani ya jino kuna mishipa midogo. Tundu likifika pale, vijidudu vinaingia, na usaha unajikusanya kwenye mzizi bila njia ya kutoka. Ndiyo sababu jino linapiga kama ngoma. Pengine uchungu unakoma wenyewe, na mtu anafurahi. Asifurahi upesi: mara nyingi mshipa umekufa tu, na usaha unaendelea kutafuta njia katika mfupa.

Ukiona uvimbe chini ya taya au shingoni, homa, kinywa kisichofunguka, mate yasiyomezeka, usingoje asubuhi. Mwaka 1836 mganga wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika habari za uvimbe wa namna hii, unaoinua ulimi na kufunga njia ya pumzi. Siku zile wengi walikufa. Leo waganga wanatoa usaha na kutia dawa kwa sindano, na wagonjwa wengi wanapona, lakini sharti wafike mapema. Basi mpeleke mgonjwa moja kwa moja hospitali kubwa, kama ile ya Jason Sendwe. Njiani aketi, asilale chali. Vidonge viwili vitatu vya amoksisilini kutoka farmasi haviondoi shina la ugonjwa.

Shauri lingine ni mtoto aliyeanguka kwenye kinga, jino zima likatoka. Hapa dakika zina thamani. Likiwa jino la utoto, usilirudishe. Likiwa la ukubwani, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, lirudishe katika tundu lake, mtoto aume kitambaa. Ukishindwa, litie katika maziwa, au katika mate yake mwenyewe, ukimbilie kwa mganga wa meno kabla saa moja haijapita. Jino likikauka mfukoni, halina tumaini kubwa.

Damu ikitoka baada ya kung'olewa jino, uma kitambaa safi kwa nguvu nusu saa, bila kuchungulia kila mara. Isipokoma, rudi.

Na mama mwenye mimba asijifiche nyumbani. Meno yake yanaweza kutibiwa. Amwambie mganga mimba ni ya miezi mingapi, na dawa zote alizokwisha kumeza.