Formalini ya bei nafuu yaweza kuwa ghali

Formalini, dawa ambayo wengi huijua kwa kazi ya kuhifadhi maiti, kwa miaka mingi ilikuwa pia bidhaa ya kawaida katika karakana za Ulaya na Marekani zinazochapa picha kwa mkono kwa kutumia gamu arabiki, rangi na daikromati. Katika soko hilo dogo wanunuzi wengi wamehamia glaioksali, na mfanyabiashara anayeagiza kemikali za kazi hiyo hana budi kufahamu sababu.

Karatasi ya kuchapia hupakwa kwanza gelatini ili nyuzi zake zisinywe rangi. Lakini picha moja huweza kupakwa rangi na kuoshwa mara tatu, nne au zaidi, na gelatini ambayo haijakazwa hulainika na kubanduka majini. Hapo sehemu nyeupe huchafuka, na karatasi ya pamba ya bei kubwa, pamoja na kazi ya siku kadhaa, vyote huwa hasara. Kwa hiyo kuacha dawa ya kukaza si njia ya kubana matumizi.

Tatizo la formalini ni mvuke. Hutoka hata bila kuchemshwa, huwasha macho na koo, na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mchapaji anayefanya kazi bafuni kwake hana feni ya kuvuta hewa. Akiinunua, gharama hiyo ihesabiwe juu ya bei ya formalini.

Glaioksali huuzwa ikiwa imechanganywa na maji kwa kiwango cha asilimia 40, na mvuke wake ni mdogo. Kwa kipimo cha mililita 20 kwa lita, chupa ya lita moja hutoa lita 50 za dawa. Hata hivyo huwasha ngozi, huweza kuleta mzio, na inashukiwa kudhuru chembe za urithi. Glavu ni lazima. Karatasi isiposuuzwa vizuri hugeuka manjano, na lawama humwendea muuzaji.

Glutaraldehaidi nayo hukaza vizuri, lakini huweza kuleta pumu. Kuiweka dukani badala ya formalini ni kubadili lebo tu. Shabu ya kawaida ina madhara madogo, ila nguvu yake ni ndogo na asidi yake huichakaza karatasi. Shabu ya kromu hukaza zaidi bila mvuke, bali mabaki yake hayafai kumwagwa ovyo.

Linalosahaulika ni daikromati yenyewe. Kromu yake ina sumu kali kuliko ile ya shabu, husababisha saratani, na tangu Septemba 2017 Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake mengi bila kibali maalumu. Mteja anayeuliza dawa salama ya kukaza huku mkononi ana kopo la daikromati, auziwe glaioksali, lakini aonyeshwe kwanza glavu na barakoa ya kuzuia vumbi.